Kumng'oa Kumbu

Niliwaambia walezi wenzangu peupe kwamba Kumbu ang'oke, na sitaki mtu aniambie leo kwamba nilinong'ona. Nilisema mbele ya ukuta wa baraza, asubuhi, nikiwa nimevaa kitenge changu kizuri maana nilijua nitatukanwa, na mtu akitukanwa heri awe amependeza.

"Kumbu ang'oke kwenye Fito," nilisema. "Si apunguzwe, si afungwe kamba. Ang'oke."

Sisi walezi wa Fito tumetawanyika, mmoja Kigoma, mwingine Lamu, wengine Bujumbura na Goma, na mimi hapa Tukuyu kwenye ukungu na migomba. Tukikutana, kila mmoja husimama mbele ya ukuta wa kwake na kuwaona wenzake wamejipanga humo kwa urefu wao halisi. Baraza letu liko wazi. Yeyote anaruhusiwa kututazama, ila jina lake huonekana chini ya ukuta ili nasi tujue nani anatutazama. Tulikubaliana hivyo tangu mwanzo, na sikuwahi kuona ubaya wake mpaka mwaka huu.

Kwa asiyejua, na siku hizi wapo wanaodhani milango ilizaliwa ikijifungua yenyewe, Fito ni kiunzi. Mtu anayetaka kutengeneza huduma mtandaoni, iwe ya kumwita mkunga, kuagiza unga au kufungulia shamba maji, haanzi na udongo mtupu. Anachukua Fito, anasimamisha fremu, kisha anakandika anachotaka. Ndani ya Fito tumekwisha kufunga maktaba kadhaa za msimbo, na mojawapo ni Kumbu. Kazi ya Kumbu ni kuandika, na huhitaji kumwomba. Umeweka kiganja mlangoni, ameandika. Umeulizia dawa, ameandika nani, wapi, saa ngapi, na maneno yako yote kama ulivyoyatamka. Aliwekwa ili huduma ikiharibika fundi ajue imeharibikia wapi, basi, na kwa kazi hiyo alikuwa hodari. Lakini nchi nzima ikajengwa juu ya Fito, na ilipo Fito Kumbu yupo, na funguo za kumsoma wakapewa wasimamizi wa mikoa, ambao nao ni watu tu.

Aliyenijibu wa kwanza ni Mama Lusekelo. Nilijua atakuwa yeye. Anakaa Mbeya mjini, tumeilea Fito pamoja tangu tukiwa mabinti tunaogombania chaja, na watu bado wanamwita kwa jina la mwanawe ingawa mwanawe hayupo. Lusekelo alifariki hospitalini kwa dripu iliyokimbia. Wenye mashine walidai mtoto alikuwa na moyo mbovu. Mama yake akamwendea Kumbu, akachimba, akarudi na maneno ya mashine yenyewe, wenye mashine wakaishiwa la kusema. Tangu hapo anamlinda Kumbu kama mtoto aliyembakia.

Kwa upole wake ule unaoudhi, alisema shida si Kumbu, shida ni wenye funguo. Anyang'anywe funguo mwenye mkono mchafu, Kumbu abaki. Nikamwambia tumeshawanyang'anya wengi, na kila akitoka mmoja anaingia mwingine na tabia zilezile. Akaniuliza ni nani hasa ninayemfikiria. Nikanyamaza. Kunyamaza si kawaida yangu, kwa hiyo wote waliona kwamba nimekabwa na kitu.

"Dada Tumpe," akasema, "siku mashine itakapomdhuru mtoto wa mtu na hakuna kilichoandikwa, utamwambia nini mama yake?"

Nilikuwa na hasira tu, na hasira si jibu, hilo nalijua.

Sasa, kwetu kuna taratibu mbili ambazo hata mkaidi kama mimi hazivuki. Ya kwanza, anayetaka kung'oa kitu kwenye Fito huanza kwake. Anakizima katika wilaya yake mwenyewe kwa msimu mzima, akae na majirani zake wakimtazama usoni, kisha ndipo arudi barazani kuomba kura. Ya pili, kosa halipokelewi kwa masimulizi. Mikono iliyokutana na kosa ndiyo inayolirudia mbele ya baraza, hatua kwa hatua. Tulichoshwa na watu wanaosema kwao kumeharibika, kisha tukipima hakuna kilichoharibika. Tulizitunga taratibu hizo mimi na Mama Lusekelo, tukajipongeza kwa soda.

Baraza likaniruhusu kumzima Kumbu kwangu msimu wa masika. Nilimzima siku ileile kabla hawajabadili mawazo.

*

Niliyemfikiria ni Gwandumi, msimamizi wa mkoa, mwenye funguo, na mume wa Subilaga. Subilaga ni binti ya kaka yangu. Kaka alifariki akiniachia huyo mmoja, kwa hiyo shangazi ni mimi na mama ni mimi.

Ni nesi, mrefu, mcheshi, anayecheka mpaka anakaa chini. Aliolewa akicheka hivyo. Miaka ikapita nikagundua anacheka akiwa amesimama, mkono umefunika mdomo, na nilipoutazama mkono nikaona alama. Nikamwambia aondoke. Akaondoka, akajificha kwa rafiki yake Makambako. Gwandumi akafika huko kabla jua halijazama, amebeba mkate. Ulikuwa mkate uleule ambao Subilaga alikuwa ameuagiza dukani mchana. Akauweka mezani taratibu, akamwambia amesahau siagi.

Mara ya pili alikwenda kushtaki. Shtaka lake lilipita kwenye Fito kama kila kitu kinavyopita, Kumbu akaliandika, na Gwandumi akalisoma kabla ya ofisa aliyeandikiwa. Usiku huo alimvunja vidole viwili vya mkono wa kushoto. Vilipona, ila havinyooki tena, na aliponionyesha nilipata hasira ambayo sijawahi kuipata maishani. Jamani, mimi ndiye niliyeifunga maktaba ile kwenye kiunzi. Mimi na kina Mama Lusekelo tuliketi tukasema Kumbu awashwe kwa wote bila kuuliza, maana mafundi ni wavivu na wangesahau kumwasha.

Basi nikafanya niliyoyafanya. Kumbu alipozimwa tu wilayani kwetu, nilimleta Subilaga kwa pikipiki, amejifunika khanga, mpaka Mpombela, kituo kidogo cha afya mlimani ambacho hakijawahi kupata nesi anayekaa. Mganga mfawidhi alimpokea kwa mikono miwili na hakuuliza mengi. Subilaga akaweka kiganja mlangoni, mlango ukafunguka, na hakuna aliyeandika. Aligeuka akanitazama kama mtu asiyeamini. Kisha akakaa chini kwenye kizingiti, akacheka.

Alikaa kule akafanya kazi. Akapanda maua ya kopo dirishani. Akaanza kubishana na wauza ndizi kuhusu ukubwa wa vichane. Nikawa napanda kumtembelea, na kila nikipanda nilijiambia kwamba baraza litake lisitake, huyu hanyang'anywi tena ukimya wake.

*

Kisha ikaja siku ya Ikupa.

Ikupa alikuwa na mimba yake ya kwanza, mke wa mchuma chai, mwenyewe mdogo wa mwili na mwoga. Uchungu ulikuwa umezembea, mganga akaagiza dripu ya kuuongeza, Subilaga akaitega mashine na kuiamuru kwa kibao chake kama alivyozoea. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka watu wanaongea kwa ishara. Alibonyeza mara moja. Mashine ikakaa kimya kidogo, kisha ikaanza. Hakukuwa na la ajabu.

Baada ya muda uchungu wa Ikupa ukapanda bila kupumzika, mmoja juu ya mwingine, na Subilaga akauona uso wa yule binti ukibadilika. Hakungoja kibao. Aliubana mpira wa dripu kwa mkono wake wa kushoto, na vidole vyake vile viwili, akapiga kelele kumwita mganga. Mtoto alitoka amelegea, wakampulizia, akalia. Ikupa alivuja damu mpaka wakamkimbiza hospitali kubwa. Aliokoka, ila kizazi kilitolewa.

Wenye mashine wakaja na gari safi. Wakaipima, wakasema mashine ni nzima, basi nesi alibonyeza mara mbili. Subilaga akasema alibonyeza mara moja. Wakamwambia aonyeshe kilichoandikwa. Hakikuwepo kilichoandikwa. Baraza la wauguzi likamsimamisha kazi, na mama mkwe wa Ikupa akaja mpaka getini akamwita muuaji wa wajukuu mbele ya foleni nzima.

Habari hizo zilinifikia nikiwa bado sijamaliza chai. Na kabla sijavaa viatu, Mama Lusekelo akanipigia. Hakunisimanga. Ningependa angenisimanga. Aliuliza tu kama yule mama anaendelea vizuri, kisha akakata simu.

*

Nilipanda Mpombela kwa miguu yangu maana barabara ilikuwa imekatika. Nilimkuta Subilaga amekaa kitandani, sanduku limefungwa. Alidhani nimekuja kumhamisha tena. Nikamwambia afungue sanduku na anionyeshe alichofanya siku ile, kwa mpangilio, bila kuruka.

Tukatega mashine chumba cha nyuma, mpira tukauning'iniza kwenye ndoo, badala ya dawa tukaweka maji. Akaamuru, ikatoa dozi moja. Akaamuru tena, moja. Tulirudia mpaka mganga akaja kuuliza kama tunaosha ndoo. Nilianza kukata tamaa, na kusema kweli nilianza kumtilia shaka mtoto wangu mwenyewe. Pengine alichoka siku ile. Pengine alibonyeza mara mbili bila kujua. Aliliona hilo usoni kwangu na akageuza macho.

Ndipo mvua ikaanza. Mtandao ukayumba. Subilaga akabonyeza mara moja, nikiwa namtazama kidole. Mashine ikakaa kimya, ikaanza, ikamaliza dozi, kisha ikaanza tena. Maji yakajaa kwenye ndoo na hakuna aliyebonyeza.

Nilikaa chini palepale na kibao changu nikaufungua msimbo wa Fito. Nieleze, maana hapa ndipo penyewe. Mtandao ukikatika katikati ya ujumbe, Fito haijui kama ujumbe umefika, hivyo hutuma tena. Hilo ni jambo la kawaida. Ili anayepokea asidhani ni ujumbe mwingine, kila ujumbe hugongwa muhuri, namba yake peke yake. Mashine ikiona muhuri iliokwisha kuuona, inaupuuza. Na huo muhuri tulikuwa tumeuweka wapi? Ndani ya Kumbu. Kumbu aliuhitaji ili apange maandishi yake, tukamwachia augonge yeye. Wenye mashine wakaukuta pale wakauegemea, kama mtu anayejenga jiko kwenye ukuta wa jirani bila kumwambia. Mimi nikaja nikaubomoa ukuta. Bila muhuri, amri moja ya Subilaga ilifika mara mbili, na mashine ikaitii mara mbili.

Kwa hiyo aliyekitoa kizazi cha Ikupa ni mimi. Si kwa kutaka, lakini ni mimi.

Na nitasema lililonijia kichwani, maana lilinijia. Ningeweza kuuhamisha muhuri kimyakimya jioni ile, mistari michache tu. Kosa lingekwisha, Kumbu angebaki amezimwa, masika yangepita, ningekwenda barazani nikiwa safi. Subilaga angepoteza kazi, lakini angekuwa hai na hajulikani alipo. Nilikaa na wazo hilo mpaka maji ya ndooni yakatulia.

Nikamwambia Subilaga yote, hata hilo wazo. Nikamwambia pia kwamba nikienda kulisema kosa barazani halitapokelewa, kwa sababu mikono iliyokutana nalo si yangu. Ni yake. Angelazimika kusimama ukutani, uso wake, jina lake, na watazamaji wote chini. Na tukimwasha Kumbu ili muhuri urudi, ataandika na kiganja cha nesi na mahali alipo. Njia zote mbili zinampeleka kwa Gwandumi.

"Nitawaomba wavunje utaratibu," nikasema. "Nitafanya mimi. Watake wasitake."

Alikuwa anavikunja na kuvikunjua vile vidole.

"Shangazi, nimejificha miaka kwa kosa la Gwandumi," akasema. "Sasa unataka nijifiche kwa kosa lako?"

Nikasema ni kwa usalama wake. Akaniambia Ikupa amelala hospitalini akiamini nesi wake alikuwa mzembe, na yule mama mkwe naye anaamini hivyo, na siku mtoto yule akikua ataambiwa hivyo. Akasema usalama wa namna hiyo potelea mbali. Nilijaribu kumpandishia sauti, nikakuta yake imepanda juu kuliko yangu. Ni damu ya kaka yangu ile.

*

Baraza lilikutana baada ya siku chache, asubuhi. Tuliutumia ukuta mweupe wa chumba cha kujifungulia. Walezi wakajitokeza mmoja mmoja. Chini majina ya watazamaji yakaanza kutiririka, mengi kuliko kawaida, maana habari za Mpombela zilikuwa zimeenea. Nililiona jina la Ikupa. Nililiona la mwakilishi wa wenye mashine.

Nikasema langu kwanza, nimesimama wima. Nikasema niliomba kumng'oa Kumbu, nikamzima kwangu, na kwa kutojua nilichokishika nikaung'oa na muhuri, na mwanamke amepoteza kizazi. Nikamtaja Ikupa kwa jina na nikamwomba radhi nikilitazama jina lake pale chini. Sikulia. Ningelia wangenihurumia, na sikutaka huruma yao.

Mama Lusekelo akauliza mikono iko wapi.

Subilaga akaingia. Alikuwa amevaa gwanda lake jeupe la kazi, ingawa alikuwa amesimamishwa na hakuruhusiwa kulivaa. Akatega mashine, akaning'iniza mpira kwenye ndoo, akaeleza kila hatua kwa sauti ya nesi anayemfundisha mwenzake. Siku ile hapakuwa na mvua, kwa hiyo mganga alisimama kwenye kiti dirishani na sufuria kubwa la ugali, tayari kuifunika antena mtandao ukatike. Mtu wa Lamu alicheka kidogo. Subilaga akabonyeza mara moja, mkono mwingine ameuinua juu wote wauone. Sufuria likashuka, likainuka. Mashine ikatoa dozi. Ikatoa nyingine.

Hakuna aliyecheka tena. Mwakilishi wa wenye mashine akatoweka kwenye orodha ya watazamaji.

Na mahali pale pale lilipotoka jina lake, likaingia la Gwandumi.

Nililiona. Nilipiga hatua ili nimkinge Subilaga kwa mwili wangu, upumbavu mtupu, ukuta haukingwi. Alinisogeza pembeni kwa mkono mmoja. Alikuwa amekwisha kuliona.

Mama Lusekelo aliliona pia, akanitazama, akamtazama Subilaga na vile vidole, na nikaona anajumlisha mambo yote mwenyewe. Akaniuliza, polepole, kwa nini sikumwambia tangu siku ile aliponiuliza.

"Ningekwambia kupitia wapi?" nikasema. "Kila ninachokwambia, Kumbu anakiandika, na huyo anakisoma."

Mama Lusekelo akafumba macho.

Subilaga akaukaribia ukuta. Hakuwa anaongea na walezi tena.

"Gwandumi, najua unanisikia," akasema. "Niko Mpombela, kituo cha afya, juu ya shamba la chai. Zamu yangu inaanza asubuhi. Safari zote ulinisoma kwa siri. Safari hii nimekwambia mwenyewe, na watu wote hawa wamesikia nikikwambia. Nikipatwa na jambo lolote, hakuna haja ya kumwuliza Kumbu."

Jina lilibaki pale chini muda mfupi. Kisha likaondoka.

Nikasema basi, tupige kura. Nikawaambia nimekosea na bado ninasema nilichosema mwanzo. Muhuri ni namba tu, haujui mtu wala nyumba wala mkate. Utolewe ndani ya Kumbu ufungwe kwenye kiunzi chenyewe, mashine zisikosee tena. Kumbu ang'oke. Anayetaka kuandika huduma yake aombe, na anayeandikwa ajue na akubali. Mtu wa Kigoma akasema hiyo haitarudisha kizazi cha Ikupa. Nikasema hapana, haitarudisha, wala Kumbu hakumrudisha Lusekelo. Nilijua ni neno baya la kumwambia mama. Nilisema hivyohivyo kwa sababu ni kweli, na nikamwomba radhi palepale.

Kwetu anayekataa hugeuka akauonyesha ukuta mgongo. Wa Kigoma akageuka. Wa Goma akageuka. Wa Lamu alisitasita, akabaki. Kisha wote wakamngojea Mama Lusekelo, maana hakuna aliyewahi kumtetea Kumbu kwa machozi kama yake, na wengine wangefuata atakakokwenda yeye.

"Kumbu alinipa ukweli wa mwanangu," akasema. "Nilidhani anampa kila mtu. Kumbe huyu binti alimkabidhi kwa mumewe." Akajifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Muhuri ubaki. Jina litoke."

Hakugeuka, wala waliobaki hawakugeuka, kura ikapita. Ila alitoka ukutani, nafasi yake ikabaki tupu, na nilidhani hataongea nami tena maisha yangu yote.

*

Gwandumi alikuja kesho yake asubuhi. Nilikuwa getini tangu alfajiri, nimeshika mwiko wa ugali maana sikupata kitu kingine, na Subilaga alikuwa amenicheka mpaka akakaa chini. Barua ya kumrudisha kazini ilikuwa bado haijafika. Alivaa gwanda akaanza kazi bila barua, na mganga akajitia haoni.

Sikuwa peke yangu. Kwenye benchi la nje alikuwa amekaa Mama Lusekelo, viatu vina matope hadi vifundoni, maana alitoka mjini jana ileile na barabara alipoikuta imekatika aliiacha gari akapanda. Aliponifikia hakunisalimu. Alinipa mkoba wake nimshikie, akakaa. Pembeni yake alikaa yule mama mkwe wa Ikupa, amempakata mjukuu. Alikuwa ameuona ukuta. Alikuja kumwomba radhi Subilaga, na alipomaliza kuomba hakuondoka. Wagonjwa wengine walikuwa wamekaa kwenye majani, wengi kuliko siku ya kliniki.

Gwandumi aliegesha chini kabisa akapanda kwa miguu, suti yake nzuri imelowa magoti. Ni mwanamume mtanashati, hilo silikatai. Alitusalimia kwa adabu, shikamooni mama zangu, akasema amekuja kumchukua mke wake, kuna kutoelewana kidogo tu nyumbani.

Hakuna aliyeitikia ile shikamoo. Kwa watu wa huku hilo ni jambo zito, hata mtoto anajua.

Aliweka kiganja mlangoni kwa mazoea. Mlango ulimwambia asubiri zamu yake kama wengine. Akageuka akatutazama, na nadhani ndipo alipogundua kwamba kila mtu pale anamtazama usoni, na kwamba hana pa kwenda kusoma tunachofikiria.

"Mwanangu, kaa," Mama Lusekelo akamwambia. "Nimekuja kukutazama. Utakachofanya hapa nitakisema, na nitakisema kila mahali kwa mdomo wangu mpaka nife. Mdomo huu hauna funguo."

Hakukaa, na hakuna aliyempisha benchi. Alisimama akalowana kwa ukungu. Mlango ukafunguka, Subilaga akatoka, kibao mkononi, akamwona. Nilikaza mkono kwenye mwiko.

Akamtazama mpaka Gwandumi akahamisha macho. Kisha akageukia foleni, akauliza nani anafuata.